Mama Mkwe na Sare Nyeupe

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na udongo wa kule haushiki maji. Mvua inyeshe itakavyo, asubuhi mchanga umeshameza yote. Chemchemi ziko chini bondeni, na miaka nilipoanza kazi wanawake waliteremka usiku, wakasubiri zamu, kisha wakapandisha mlima na ndoo kichwani. Mimi nilipewa sare nyeupe na viatu vyeupe, nikaambiwa muuguzi asionekane na doa. Maji ya kuifulia sare ile aliyateka mama mkwe wangu. Kila ninapoombwa kusimulia utumishi wangu huanza na yeye, maana nisingedumu kazini hata mwaka mmoja bila yule mama.

Nilihitimu uuguzi daraja B nikaripoti zahanati mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya mpango wa taifa wa chanjo kuanza. Watu walikuwa wametoka kuhamia vijiji vya ujamaa, wengine nyumba zao bado hazijakandikwa. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kila mara akihamishwa kituo, kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu mimi, mama yake na watoto.

Kazi yenyewe ilikuwa magonjwa sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Dawa ya chanjo ni kitu cha kudekezwa. Inataka baridi kati ya nyuzi 2 na 8, siku zote, na sisi umeme hatukuwa nao. Tulikuwa na jokofu la mafuta ya taa. Chini kuna taa, na taa ile ukiitunza mwali wake unakuwa wa buluu, mtulivu. Utambi ukichomoza upande mmoja, mwali unageuka manjano, unatoa moshi, masizi yanaziba bomba na baridi inapotea. Nilipokwenda huduma ya mkoba vijijini na kulala huko, nani aangalie mwali? Mama mkwe alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima. Namba alizijua. Baada ya Isha alivuka kiwanja kwenda zahanati na kibatari, akachungulia kipimajoto, akachora mstari kwenye daftari langu: juu ya 8, chini ya 2, au sawa. Nikirudi naikuta mistari yake imepangwa mmoja chini ya mwingine. Miaka ya mwanzo ya 1980, nchi nzima ilipokosa sabuni na mafuta ya taa, sisi nyumbani tulilala gizani ili kidebe chetu kidogo kiende kwenye jokofu. Uamuzi huo ulikuwa wake. Mimi nilikuwa sijathubutu hata kuutamka.

Yeye mwenyewe alikuwa mkunga wa jadi, na wengi walitarajia tugombane. Haikuwa hivyo. Kilichotuunganisha ni pepopunda ya watoto wachanga. Alikuwa ameshawaona mara nyingi: mtoto anazaliwa mzima, ananyonya, kisha kabla ya wiki kupita anakaza taya, anakataa ziwa, anapinda mgongo. Usiku mmoja, nikimweleza jinsi vijidudu vya pepopunda vinavyoingia, alinikatiza. "Mwanangu, kumbe mlango wake ni kitovu?" Nikamwambia ndiyo, mama, kitovu na kile kinachokikatia. Alinyamaza kitambo. Kesho yake aliwaita wakunga wenzake barazani, akawaambia kuanzia leo ni wembe mpya na maji yaliyochemka, hata kama maji hayo ni ya kunywa ya nyumba nzima. Hiyo ilikuwa kabla serikali haijaanza kuwapa wakunga wa jadi mafunzo. Mafunzo yalipofika, akapewa kisanduku chake chenye wembe, uzi na sabuni, akakiweka juu kabisa kabatini, karibu na msahafu.

Kisha ukazuka uvumi kwamba sindano ya pepopunda wanayochomwa wajawazito inafunga kizazi. Kliniki ikabaki tupu. Nilikuwa na mimba ya tatu wakati huo. Mama mkwe alinishika mkono mpaka chini ya mkorosho tulipotundika mizani ya watoto, akamwambia mwenzangu anichome mbele ya watu. "Huyu ni mke wa mwanangu," akasema, "na mimi wajukuu bado nawataka." Imamu alikuwepo. Ijumaa ile baada ya swala aliwatangazia waumini wawapeleke wake zao, na Jumapili padri akatangaza vilevile. Tangu hapo hatukupanga siku ya chanjo bila kupita msikitini na kanisani kwanza.

Dini yetu haikuwa kando ya kazi. Mwezi wa Ramadhani nilizunguka nikiwakumbusha wajawazito na wanaonyonyesha kwamba Mungu amewapa ruhusa ya kula wakihofia afya zao, nao watalipa baadaye. Waliosisitiza kufunga, nilipanga nao vidonge vya damu wavimeze baada ya futari. Wapo wauguzi waliowafokea. Mimi niliona mama anayemwogopa Mungu ni mama ninayeweza kuongea naye.

Mama mkwe alifariki mwaka 1994. Hakuuona mwaka 1996, tulipozunguka nyumba kwa nyumba na matone ya polio, mawili mdomoni kwa kila mtoto, katika kampeni ya nchi nzima. Mwaka huohuo ndio Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio.

Nilipostaafu nilifanyiwa sherehe, nikapewa cheti, vitenge na redio. Niliposimama kushukuru nililitaja jina lake, na wanawake wakapiga vigelegele kabla sijamaliza sentensi, kwa sababu wengi wao yeye ndiye aliyewapokea duniani. Kila mwaka namsomea dua nyumbani. Waislamu wanakuja, Wakristo wanakuja, tunakula pilau, na wanaonijua huja na kadi za kliniki za wajukuu wao mfukoni, maana baada ya kunawa mikono lazima nizikague zote, na ambaye mjukuu wake amepitwa na chanjo ya surua tunapanga palepale siku ya kumpeleka.