Klachi Nyepesi kwa Mkono Mzee

Vespa yetu kuukuu hutupandisha kila wiki kutoka Mombo hadi Lushoto kusomesha watoto. Lakini kona za Usambara zataka gia kila mara, na waya wa klachi, ukikwaruza ndani ya mpira wake, ulitutia ganzi mkono wa kushoto hata tukakaribia kuiacha madrasa. Tuliona haya kusema. Mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa ni fundi, alituona tukikanda kiganja. Akauondoa waya, akatia mafuta ya breki: pistoni ndogo ya mkononi huyasukuma mafuta mrijani, nayo husukuma pistoni kubwa penye klachi. Sasa twavuta kwa vidole viwili. Mungu amlipe kheri: tulimfundisha alifu, naye ametufundisha kwamba kukubali msaada si aibu.