Hasira Ikishika Usukani

Leo tuongee kuhusu mahali ambapo wokovu wetu hupimwa kila asubuhi: barabarani.

Matatu ikikuingilia ghafla pale Thika Road, ni nini hukukasirisha? Utasema ni dereva. Lakini angalia vizuri. Kabla mkono wako haujafika kwenye honi, kuna neno umejiambia moyoni: "Huyu ananidharau." Neno hilo ndilo huwasha moto. Ungejua amebeba mgonjwa, ungempisha na kumwombea. Kitendo ni kile kile. Kilichobadilika ni neno.

Mwanasaikolojia Jerry Deffenbacher wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, alichunguza hasira za madereva kwa miaka mingi. Mwaka 1994 yeye na wenzake walichapisha kipimo cha hasira hizo. Mafunzo yake kwa madereva wenye hasira yalishika mambo mawili: kutuliza mwili, na kubadilisha mawazo yanayochochea hasira.

Mwili hutoa ishara mapema. Mabega yakipanda na vidole vikikaza usukani, jua moto umeanza. Mimi hulegeza vidole, navuta pumzi taratibu, naitoa polepole zaidi, mara tatu. Kisha najiuliza: "Nina hakika amenikusudia mimi?" Mara nyingi sina. Basi namwachia nafasi, aende. Pia hutoka nyumbani dakika 15 mapema, kwa maana mwenye haraka huona kila mtu ni kizuizi.

Juzi mshirika mmoja alinipa lifti. Gari likatupita kwa fujo. Mtoto wake wa miaka mitano akapaza sauti kutoka kiti cha nyuma: "Baba, mfuate!" Baba alinyamaza, macho yakamlenga machozi. Mtoto alikuwa anarudia somo ambalo hakuna aliyepanga kumfundisha.

Mpendwa, soma Mwanzo 4. Mungu alimwuliza Kaini sababu ya hasira yake kabla hajamwua ndugu yake. Kulikuwa na nafasi ya kugeuka. Nafasi hiyo nawe unayo, hata kama ni ya pumzi moja tu.

Kesho, kabla ya kuwasha gari, mwambie Roho Mtakatifu akukumbushe kupumua. Anayekungoja nyumbani anakuhitaji ufike, si ushinde.

Mtumie ujumbe huu dereva mmoja unayempenda. Ubarikiwe.