Jirani Asiyebisha Hodi

Sisi tufundishao Kiswahili katika milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, tuna taabu ambayo wenzetu wa pwani huenda wasiijue: jirani yetu mkubwa hatuna jina lake la hakika. Wakiga humwita engagi, Wanyarwanda ingagi. Darasani husema sokwe, na papo hapo mwanafunzi huuliza kama twamkusudia yule mdogo apigaye kelele mitini, maana naye ni sokwe. Basi hapa tutamwita gorila.

Mpaka wa Msitu wa Bwindi haufichiki. Jembe hufika hadi kwenye shina la mti wa mwisho, na nyuma yake huanza giza. Msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa waliokuwa wakiutegemea kwa mawindo na asali walitolewa, na wengi hawakupewa ardhi nyingine. Miaka miwili baadaye watalii walianza kuja kuwatazama gorila waliozoeshwa watu. Lakini gorila asiyemwogopa mtalii hamwogopi mkulima pia. Hutoka na jamaa yake yote, huipasua migomba na kula moyo wake, kisha hurudi zake.

Mwanafunzi wetu mmoja, alipopewa insha ya "Jirani Yangu", aliandika kwamba jirani yake habishi hodi, na akiisha kula hasemi ahsante. Tulicheka, kisha tukatazama daftari la mahudhurio. Mtoto yule alikosa siku tisa muhula ule, zote akilinda shamba; wala si dhidi ya gorila hasa, bali nyani na nguruwe-mwitu, ambao hapana mtalii awalipiaye.

Haifai kusema kwamba hakuna lililofanywa. Sheria huwatengea majirani asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini, na tangu 1998 wako wanavijiji wa kujitolea wanaowarudisha gorila msituni kwa upole. Huko Nkuringo ulinunuliwa ukanda wa ardhi wa kilomita 12 hivi kwa urefu na mita 350 kwa upana, uwe kati ya msitu na mashamba. Kazi ya wale wa kujitolea ndiyo tunayoistahi zaidi, kwa kuwa hufanywa katika mvua na matope, na mtu ambaye huenda shamba lake ndilo lililoliwa.

Liko jambo jingine ambalo twaona lastahili kufundishwa kabla ya hesabu za fedha. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi walishikwa na upele. Mtoto mmoja alikufa. Wenzake walipona walipotibiwa na daktari wa wanyama, Gladys Kalema-Zikusoka, na wasaidizi wake. Ilidhaniwa kwamba ugonjwa ulitoka kwa watu, pengine katika matambara yaliyovishwa sanamu za kutishia wanyama shambani. Umaskini wa nyumba moja, kukosa sabuni na zahanati ya karibu, ulivuka mpaka ambao hakuna askari awezaye kuulinda. Ndiyo maana daktari huyo alianzisha, mwaka 2003, shirika linalotazama afya ya wanavijiji na ya gorila kama shughuli moja.

Kisha ikaja Juni 2020, wakati watalii walipokuwa wamezuiwa na maradhi ya korona. Dume kiongozi wa kundi la Nkuringo, jina lake Rafiki, aliuawa kwa mkuki. Mwindaji alieleza kwamba alifuata wanyama wadogo, akashambuliwa, akajitetea. Alihukumiwa kifungo cha miaka 11.

Shule zilipofunguliwa tuliisoma habari hiyo darasani. Jina la marehemu halikuhitaji kamusi. Kilichowagawa wanafunzi ni ile miaka 11: upande mmoja waliiona michache, kwa kuwa Rafiki alileta riziki ya wengi, upande wa pili waliuliza ni adhabu gani hupewa gorila amalizapo migomba ya mjane. Kengele ililia kabla hawajapatana, na wengine walitoka nje wakibishana bado.