Chakula cha Mchana Rumonge

Sisi tunaokaa Kasingirima, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, hatuna haja ya kupanda ndege ili tufike nchi ya kigeni. Kutoka Kigoma mpaka Manyovu, mpakani mwa Burundi, ni mwendo wa kilometa zipatazo 60 tu. Leo napenda kuwasimulia habari za chakula nilichokula ng'ambo ya mpaka ule, katika mji wa Rumonge.

Nilikuwa nasafiri kwenda Bujumbura, kwenye arusi ya binamu yangu. Ukiisha kuvuka mpaka, njia huteremka hata Nyanza-Lac, kisha hufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini: ziwa mkono wa kushoto, milima mkono wa kuume. Maji hayo ndiyo waliyopita Livingstone na Stanley kwa mtumbwi mwaka 1871, baada ya kukutana Ujiji, walipokwenda kuuona mto Rusizi. Yapata saa saba mchana tukaingia Rumonge, na dereva akatupa nafasi ya kula.

Nikaingia katika hoteli ndogo karibu na soko. Ilikuwa na paa la bati, meza nne, mabenchi, na jiko la makaa uani. Mwenye hoteli, mama wa makamo, akanisalimu, "Amahoro!" Kiha na Kirundi ni ndugu, nikamwitikia bila shida. Lakini alitambua mara moja kwamba mimi si wa kwao, akageuza Kiswahili, maana Rumonge watu wengi wanakisema.

"Karibu, mwanangu. Leo tuna mukeke."

Jina hilo nililisikia mara nyingi, nikidhani ni samaki wa kwao tusiyemjua. Sahani ilipoletwa nikabaki kucheka peke yangu. Kumbe mukeke ni mgebuka wetu! Alikuwa ameokwa juu ya makaa, akapambwa kwa vitunguu, na pilipili kando. Pamoja naye kulikuwa na ugali wa muhogo, maharage, na ndizi zilizopikwa kwa mawese.

Ndugu msomaji, nikaitazama sahani ile kama mwalimu atazamavyo ramani. Muhogo na maharage asili yake ni Amerika; muhogo uliletwa Afrika na Wareno. Mchikichi utoao mawese ni mti wa Afrika ya Magharibi. Ndizi zilitoka mbali zaidi, pande za Indonesia na visiwa vya jirani, zikavuka bahari miaka mingi kabla ya babu zetu. Mgebuka peke yake ndiye mwenyeji, kwa kuwa haonekani popote duniani ila katika Ziwa Tanganyika. Naye huogelea katika maji ya nchi nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, wala haulizwi pasi.

Nilipokuwa nakula, mama akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu, "Kasingirima, Kigoma." Akaacha kazi yake, akaketi benchi la mbele yangu.

"Kigoma nilifika mwaka 2015," akasema. "Tulikimbia machafuko, tukalala Kagunga juu ya mchanga, mimi na watoto watatu. Kisha Liemba ikatuchukua."

Habari hiyo naijua. Mwezi wa Mei mwaka ule meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilisomba maelfu ya wakimbizi kutoka kijiji cha Kagunga kuwaleta Kigoma. Waliwekwa kwanza katika uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

"Pale Kigoma," akaendelea, "mama mmoja alinipa kanga ya kumbebea mtoto, na kichane cha ndizi. Jina lake sikulijua. Tulikuwa hatujala tangu jana yake."

Hapo tonge likanikwama. Siku zile nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mama yangu alinipa fedha, akaniambia, "Nenda kanunue mikate, uwapelekee wale watu." Nikanunua mikate kumi. Njiani nikakutana na watu wanaosema kwamba kipindupindu kimeingia uwanjani. Kweli kilikuwako, na wengine walikufa. Ningeweza kuwaachia mikate ile wale waliokuwa wakihudumu. Sikufanya hivyo. Nikarudi nayo nyumbani, nikamwambia mama kwamba nilizuiliwa kuingia. Tukaila kwa chai siku tatu.

Dereva alipopiga honi nikasimama kulipa. Mama yule akahesabu bei ya samaki, ugali na maharage, akanirudishia fedha iliyozidi. Nikamwambia, "Mama, umesahau ndizi."

"Sikusahau," akajibu. "Ndizi ni za mama yule wa Kigoma."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia habari za mikate yangu. Nawaambia ninyi leo, na mama yangu atasoma habari hii pamoja nanyi.

Wazee wetu walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Zamani nilidhani ni maneno ya kumfurahisha mgeni tu. Basi, msomaji mpenzi, ukipita Rumonge, ingia hoteli ile karibu na soko, ule mukeke. Na akifika mgeni mwenye njaa kijijini kwako, usirudi na mikate nyumbani.