Vikeki vya chai Satellite: Jiko na mchanga vyatosha

Panda matatu katikati ya jiji la Nairobi, ufuate Ngong Road hadi Dagoretti Corner, penye makao makuu ya Idara ya Hali ya Anga. Hapo shika njia ya Riruta, na si kitambo utaingia mtaa wa Satellite. Ukija mwezi wa Julai, usisahau sweta. Mawingu hutanda kutwa, na birika la chai halikai mbali na moto.

Chai si mgeni pande hizi. Miche ya kwanza humu nchini ilipandwa Limuru, si mbali na hapa, mnamo 1903. Lakini chai tupu haimkalishi mgeni, nazo keki za dukani hutoboa mfuko wa mwenye watoto wengi. Basi jaribu vikeki vya chai vya kizamani: vya duara, vikavu kandokando na laini katikati. Wala usiseme huna ovena.

Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, robo tatu ya kijiko cha chai cha beking pauda, chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa. Kando, piga nusu kikombe cha siagi na robo tatu ya kikombe cha sukari hadi vilainike, kisha utie yai moja na vijiko vitatu vikubwa vya maziwa mala. Unganisha vyote bila kukanda sana, usukume unga uwe mnene kama nusu ya kidole, halafu ukate kwa mdomo wa glasi.

Shangazi aliye Mombasa atakwambia utie kijiko kizima cha beking pauda. Kwake ni sawa, kwako sivyo. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Keki huumuka haraka kabla haijashika, kisha ikabonyea, na unyevu wake hukauka upesi. Ndiyo maana tumepunguza pauda na kuongeza maziwa.

Sasa chukua sufuria kubwa nzito, utie mchanga mkavu kina cha vidole viwili. Iteleke kwenye jiko la makaa, uifunike kwa dakika 15. Panga vikeki vitano au sita katika sahani ya bati iliyopakwa mafuta, uiweke juu ya mchanga, ufunike na kutandaza makaa kwenye kifuniko. Makaa ya juu ndiyo yanayotia rangi. Ya chini yakizidi, vikeki vitaungua. Vitazame baada ya dakika 15.

Zingatia jambo moja: jiko likae nje au kwenye roshani iliyo wazi. Baridi isikushawishi kuliingiza chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Waachie watoto kazi ya kukata. Vikipoa, vitie kwenye mkebe wenye kifuniko. Vitadumu siku kadhaa. Jumatatu asubuhi wafungie viwili viwili waende navyo shuleni.