Haki ya Mbawa



Juma hili, wapenzi wasomaji, sitaandika juu ya hukumu za swala wala za mirathi. Nitaandika juu ya tundu la ndege, kwa kuwa katika kuliunda nimesomeshwa jambo nililodhani nimelihitimu zamani.

Mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki majuma matatu baada ya kumnunulia mwanawe kasuku wadogo wawili, wale ambao asili yao ni Australia na siku hizi huuzwa hapa kwetu Mombasa. Mmoja alikuwa wa kijani, mtoto akamwita Zumaridi. Wa pili alikuwa wa samawati, akamwita Feruzi. Binti yangu akakaa eda katika nyumba aliyofiwa, kama sheria ielekezavyo, miezi minne na siku kumi. Nami kila siku baada ya alasiri nikawa napanda ngazi za nyumba ile ya Mji wa Kale kwenda kuwajulia hali.

Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka 8, alikuwa amepungukiwa na maneno. Chuoni aliitikia tu pamoja na wenzake. Nyumbani aliketi mbele ya tundu lile, dogo mithili ya kikapu cha sokoni, akiwatazama ndege wake.

Siku moja niliwasomesha watoto hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, mpaka paka akafa. Jioni yake mjukuu wangu akaniuliza:

“Babu, lau yule mwanamke angempa paka chakula, angesalimika?”

“Naam, mwanangu. Kosa lake ni kumfungia na kumnyima.”

“Basi sisi hatuna kosa. Zumaridi ana mtama na maji.” Akanyamaza kidogo. “Lakini Babu, mbawa zake ni za nini?”

Jibu la kitabuni nilikuwa nalo. Wanachuoni wametoa ruhusa ya kufuga ndege kutokana na kisa cha Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake akicheza nacho. Ibn al-Qass, wa madhehebu yetu ya Shafi, alikiandikia kisa hicho risala nzima na kutoa humo faida zipatazo 60. Lakini mtoto hakuniuliza ruhusa ya kufuga. Surat al-Mulk yatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu, jinsi wanavyozikunjua mbawa na kuzikunja. Na mbele yangu walikuwapo wawili wasiopata nafasi ya kuzikunjua.

Nikamwambia, “Tutawajengea nyumba.”

Nilidhani tundu la kurukia huwa refu kwenda juu. Sivyo. Kasuku hawa huruka kwa kuambaa, kutoka upande hadi upande. Kwa hivyo urefu wa ubavuni ni bora kuliko kimo. Tukapima ukuta wa ukumbi, tukakata shauri: urefu futi 6, kimo futi 4, upana futi 2 na nusu. Nikanunua mbao za saiprasi za inchi 2 kwa 2, na wavu wa waya wenye macho ya nusu inchi, maana macho yakizidi hapo ndege hupenyeza kichwa akanasa. Tuliunda fremu sita mbalimbali, kisha tukaziunganisha kwa skrubu, ili siku ya kuhama tundu lifunguliwe na kupita ngazini. Milango tuliifanya miwili, midogo ya kuingia mkono tu, ndege wasipate mwanya wa kutorokea. Chini tukatia bati la kuvutwa kama mtoto wa meza, likatandikwa magazeti ya kubadilishwa kila asubuhi.

Vijiti vya kutulia tulivikata katika mpera wa jirani, vinene kwa vyembamba, kwani mguu unaoshika unene mmoja siku zote huumia. Tuliviweka kwenye miisho miwili, katikati tukaacha peupe, ndiyo njia yao ya kurukia. Hatukuweka kijiti juu ya chombo cha maji, wasije wakayachafua.

Mahali pake palikuwa mbali na jikoni na pembeni mwa dirisha, ili upepo wa kusi usiwapige moja kwa moja. Moshi wa mafuta yaliyoungua huwadhuru ndege, na moshi wa udi vilevile. Binti yangu, ambaye katika eda hagusi manukato, aliposikia hayo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. “Baba,” akasema, “ndege nao basi wamekaa eda.”

Kazi ilichukua jioni tisa. Mtoto alishika tepu, mimi nikashika msumeno, na baina ya msumari na msumari maneno yakaanza kumrudia. Aliniambia kuwa baba yake alikuwa amemwahidi tundu kubwa Ramadhani ikiisha.

Hapa nakiri kosa langu. Waya mpya uliopakwa zinki huwa na unga na magamba ya madini hayo, ambayo ni sumu, na kasuku ni ndege wa kutafuna. Hupasa kuusugua kwa brashi ngumu na siki, kuusuuza vyema na kuuanika juani kabla ya kuutumia. Sikuwa nimeuliza. Tulipomaliza nilitaka furaha ya mtoto iwe jioni ile ile, nikawafungulia ndege. Siku nne Zumaridi aliruka mwisho hadi mwisho. Siku ya tano alijikunyata chini. Ya sita, alfajiri, binti yangu akanipigia simu: amekufa, na mtoto bado amelala.

Tukalifunika tundu kwa kanga mpaka alipokwenda shule. Nikamtia Zumaridi katika leso, nikaenda dukani. Walikuwako wa kijani wengi, na mmoja alikuwa yeye hasa. Pesa zilikuwa mkononi mwangu. Nilijiambia kuwa sitasema uwongo, nitanyamaza tu. Kisha nikakumbuka kuwa kindege cha Abu Umayr nacho kilikufa. Mtume wetu (S.A.W.) alipomwona mtoto na huzuni yake, alimwita kwa jina lake la heshima akamuuliza habari za kindege kile. Hakumficha wala hakuidharau huzuni yake. Na mjukuu wangu sisi watu wazima tulikwisha kumwambia mara moja kuwa baba yake atarudi kutoka hospitali.

Nikarudi mikono mitupu.

Aliporudi shuleni nilimketisha, nikaifunua leso. “Zumaridi amekufa, mwanangu, na kosa ni langu. Sikuuosha waya.” Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko ya baba yake. Mama yake akamkumbatia, nami sikumnyamazisha. Tulimzika ndege katika chungu cha mrihani kilichoko darini. Alipokwisha kunawa mikono, mtoto akaniuliza, “Babu, siki iko wapi?”

Tulizifungua fremu zote, tukasugua, tukasuuza, tukaanika. Feruzi alirejea katika tundu dogo kwa siku mbili, kisha akafunguliwa. Kwa kuwa ndege hawa hawapendi upweke, tulimtafutia mwenzake. Nilimwachia mtoto achague. Wa kijani akawapita, akachukua wa manjano, akamwita Kaharabu.

Tunapomlea yatima, aghalabu twahesabu chakula, mavazi na karo, tukaona tumemaliza. Mtoto huyu vyote hivyo alikuwa navyo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kweli, na nafasi ya kulia. Sasa eda imekwisha, na binti yangu ameanza tena kutoka. Udi tunaufukiza chumba cha ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Wallahu aalam.