Sehemu ya 6: Mbunge akiacha zamu, anamkabidhi nani?

Ndaga fijo kwa mliosoma sehemu iliyopita ya presha kwa wajawazito. Leo natoka wodini kidogo, mnivumilie.

Sisi manesi hatuondoki mpaka tumekabidhi. Unapita kitanda kwa kitanda na mwenzako: huyu dripu ya pili, yule hajapata mkojo tangu asubuhi, wa pale ndugu zake wamefuata damu. Ndiyo maana mbunge kujiuzulu katikati ya muhula huwa kunanikaa kooni.

Chukua Siha, kule Kilimanjaro. Dk. Godwin Mollel alichaguliwa 2015 kwa Chadema. Desemba 2017 akajiuzulu, akaenda CCM. Katiba yetu haimruhusu mbunge kuhama na kiti, kwa hiyo barua inakwenda kwa Spika, Spika anaijulisha Tume, wananchi mnarudi kwenye foleni. Februari 17, 2018 wana Siha wakapiga kura tena, akatangazwa yuleyule. Siku hiyohiyo Kinondoni, Maulid Mtulia aliyekuwa CUF naye akarudi bungeni kwa CCM. Faili jipya, mgonjwa yuleyule! (Dk. Mollel ni mwenzetu wa afya, na 2020 akawa Naibu Waziri wetu.)

Watu hulalamikia hela za uchaguzi. Mimi nakumbuka kingine. Februari 16, siku moja kabla ya kura ya Kinondoni, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Akwilina Akwilini, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, wakati polisi wanatawanya waandamanaji wa Chadema waliodai barua za mawakala wao. Hakuwa mwandamanaji, alikuwa abiria. Kwenye fomu zetu kuna sehemu ya chanzo cha kifo. Ukishaandika jeraha la risasi, nafasi imejaa.

Mama mmoja muuza ndizi hapa Nkunga aliniuliza nikimfunga kidonda: "Nesi, akiacha yeye, kura yangu inakwenda wapi?" Nikamwambia haiendi popote, mama, imeisha. Wewe huwezi kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya miaka mitano, lakini yeye anaweza kukuacha kwa barua moja. Akacheka, akaguna.

Mimi naona aliyeondoka kwa hiari asigombee kiti hichohicho mpaka muhula uishe. Dada mmoja wa maabara alinibishia, akasema mtu anaweza kuondoka kwa dhamiri. Sawa. Lazaro Nyalandu aliacha CCM na ubunge wa Singida Kaskazini Oktoba 2017, na uchaguzi wa marudio wa Januari 2018 hakugombea. Huyo ukimbishia, unambishia uamuzi wake, siyo hesabu zake.

Sasa nyie. Mbunge wako akiandika barua kesho, akukabidhi nini kwanza? Mimi ningeanza na barabara wanazopita wajawazito wakati wa masika. Andikeni, nitasoma nikitoka zamu ya usiku.